Mioshi Minne ya Kozlikha

Kozlikha, 14 Oktoba

Mjukuu wangu Ulyana, mwendesha tramu wa mjini,

Salamu nyingi, na zikiisha anza upya. Hujambo? Gleb mumeo hajambo? Mimi mzima kama chuma. Goti la kushoto linauma, lakini hilo silihesabu ugonjwa, hilo ndilo redio yangu. Likiuma jioni, kesho theluji. Redio yenyewe hukosea, goti halijakosea hata siku moja.

Viazi vya mwaka huu ni balaa. Kimoja nilikitoa ardhini kwa kukivuta na farasi. Farasi sina, ndiyo maana kilinichukua kutwa.

Umeniandikia nihamie kwako, ghorofa ya nne, maji ya moto yanapita ukutani. Ahsante mama. Lakini mtu aliyezoea kufungua mlango akaona mto Sholma, na nyuma ya mto msitu, na nyuma ya msitu kinamasi ambacho hata shetani hukivuka kwa kuuliza njia, mtu huyo utamweka dirishani atazame nini? Kofia za wapita njia? Wilaya yetu ukiikata toka upande hadi upande unamaliza jozi mbili za buti, na njiani utakutana na dubu wengi kuliko watu. Nikiondoka na mimi, hao dubu watasalimiana na nani?

Sasa habari yenyewe. Anfisa, jirani yangu wa ng'ambo ya njia, amechukuliwa na mwanawe. Tumegombana naye tangu ujana, na sasa kanikimbia mchana kweupe. Alipanda garini na samawari yake ya chai mapajani, akalia, akanitukana, akanitupia ufunguo. "Zosima, mzee muongo wewe, usiiache nyumba yangu ife." Unajua mwenyewe, nyumba isiyowashwa jiko inakufa. Baridi inaingia kwenye magogo, sakafu inanyanyuka, majira ya joto yakija unafungua mlango unakuta maiti ya nyumba. Nimemwambia nitawasha nikikumbuka. Nawasha kila siku.

Kwa hiyo Kozlikha sasa ni mimi. Mkutano wa kijiji naufanya asubuhi nikinyoa ndevu. Hoja zote zinapita.

Babu yako,
Zosima


29 Oktoba

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, Gleb anakusalimu. Goti lako lipake ile dawa niliyokutumia, usiinywe.

Babu, sitaki utani leo. Nimepiga simu wilayani. Baraza limepitisha kwamba kijiji kinacholala baridi na nyumba moja tu hakisafishiwi tena barabara, mafuta ya trekta hayatoshi. Trekta isipokuja, gari la mkate haliji. Posta haiji. Gari la wagonjwa haliji. Utakaa umezikwa na theluji mpaka Aprili na hakuna atakayejua kama unapumua. Simu yako inashika juu ya paa la kibanda cha kuogea mvuke tu, utapanda paa ukiwa unaumwa?

Babu, mimi wazazi wangu niliwazika wote wawili. Nimebaki na wewe. Katikati ya Novemba, kabla theluji haijashika, nakuja na Gleb kukuchukua. Kitanda tumeshanunua.

Mjukuu wako,
Ulyana


Kozlikha, 17 Novemba

Ulyana mama,

Marahaba, marahaba. Dawa sijainywa, nimeionja tu.

Theluji imewahi kuliko Gleb, kwa hiyo msihangaike. Na barabara iko wazi. Trekta limepita juzi, mkate nimenunua, barua hii itaondoka na gari hilohilo likirudi. Utauliza imekuwaje. Imekuwa hivi: nimeongeza idadi ya watu wilayani, tena bila kuoa.

Sikiliza. Dereva wa trekta ni Rodion, yule mwenye masikio makubwa, mwana wa fundi cherehani. Kila asubuhi anapita kule kileleni mwa kilima kwenda kusafisha barabara kuu, na akifika njia panda anatazama bondeni kwetu. Kashapewa amri: akiona moshi mmoja, apitilize. Akiona zaidi, ashuke Jumanne na gari la mkate nyuma yake. Nani atashuka kugonga milango kwenye baridi hii? Wanahesabu mabomba ya moshi.

Mimi nilikuwa nawasha kwangu na kwa Anfisa, basi. Rodion akaona miwili, akashuka. Nikasema ah, kumbe kazi ni nyepesi hivi. Nikatafakari: miwili ni michache, Anfisa akifa huko kwa mwanawe watajua wilayani. Nikachukua ufunguo wa Prokhor pale juu ya kizingiti unapokaa tangu azikwe, nikasafisha bomba, nikawasha. Halafu nyumba ya mwalimu, nayo tupu. Sasa asubuhi ukisimama kileleni unaona mioshi minne imesimama wima kama mikia ya paka wanaofurahi. Kozlikha haijawahi kupendeza hivi tangu enzi za shamba la pamoja.

Tatizo ni mkate. Watu wa nyumba nne hawawezi kununua mkate mmoja, watanishtukia. Nanunua minne. Nimekausha mikate mpaka dari limejaa, vita ikija Kozlikha ndiyo itakayolisha jeshi.

Babu yako,
Mwenyekiti wa nyumba nne


6 Desemba

Babu,

Shikamoo. Gleb alicheka mpaka akamwaga chai kwenye suruali. Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye, kwenye tramu, abiria wakanitazama.

Lakini babu, fikiria. Una miaka themanini, unatembea kwenye barafu toka nyumba hadi nyumba na kuni mikononi. Ukiteleza? Nani atakusikia, mikate? Baki na nyumba mbili tu. Na ile fimbo ya babu Prokhor yenye msumari mwishoni iko nyuma ya mlango wake, itumie. Umeniahidi mambo mengi maishani, niahidi na hili.

Ulyana wako


Kozlikha, 20 Januari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Fimbo natumia. Nyumba ni nne bado, kwa sababu sasa siwezi kupunguza, nimeshakaguliwa.

Amekuja mama mmoja wa wilayani, Lidia Markovna, kapanda pikipiki ya theluji, mashavu mekundu kama bitiruti. Kazi yake anazunguka vijiji vyote kuhesabu waliobaki. Ananiambia kuna vijiji amefika akakuta hata paka hakuna, akageuza. Nikamkalisha mezani, samawari inachemka, matango ya chumvi, kabichi iliyochacha, viazi. Nikasema huyu akishiba hatatoka.

Akala, akafuta mdomo, akaniambia, "Haya mzee Zosima, tukawaone majirani."

"Anfisa anaumwa," nikamwambia. "Ugonjwa wa kuambukiza."

"Pole yake. Na nyumba ile ya kona?"

"Ya Prokhor? Yuko msituni."

"Anafanya nini msituni na baridi hii?"

"Hata mimi nilimuuliza, akaninunia."

Akaangua kicheko ndani ya kikombe. "Na ile ya mwisho?"

"Mwalimu huyo. Kiziwi kabisa. Ukigonga mpaka kesho, hafungui."

Akasimama dirishani. Sasa hapo ndipo nilipoharibikiwa, maana theluji ilikuwa safi, na juu yake mstari mmoja wa nyayo, unatoka kwangu, unaingia kwa Anfisa, unatoka, unaingia kwa Prokhor, hivyohivyo mpaka kwa mwalimu. Akatazama weee.

"Naona majirani zako wote wanavaa buti za namba ileile."

"Tulinunua pamoja," nikasema. "Duka lilikuwa na namba hiyo tu. Anfisa zinampwaya."

Akarudi mezani, akachukua tango lingine, akalitafuna lote. Halafu akaniuliza kama naweza kumuuzia mtungi mmoja wa matango. Nikampa bure, na mikate mikavu mfuko mzima. Alipoondoka akasema, "Msalimie Anfisa, apone haraka." Jumanne iliyofuata trekta likaja kama kawaida.

Nimemzunguka mkubwa wa serikali kwa tango, Ulyana. Waambie hayo huko kwenye tramu.

Babu yako


12 Februari

Babu,

Shikamoo. Vipi goti? Hapa wiki nzima baridi kali, nyaya za tramu zinalia. Jumanne mbili zimepita sijapata barua, nadhani posta imechelewa. Nimekutumia soksi za sufu. Niandikie hata mstari mmoja.

Ulyana


23 Februari

Babu,

Sijapata kitu. Nimepiga simu kila jioni, nikijua kabisa huwezi kuwa juu ya paa. Wilayani hawapokei, ni sikukuu. Nimeomba likizo. Kama barua hii itakufika kabla yangu, usiwashe nyumba za watu, washa yako tu, ukae ndani uningoje. Tafadhali babu.

Ulyana


Hospitali ya wilaya, 25 Februari

Mama Ulyana,

Usiogope karatasi ya hospitali. Nimevunjika nyonga, wameipiga chuma ndani, nilikuwa kama chuma sasa nina ushahidi. Tumelazwa mimi na mzee mmoja anayekoroma kama mashine ya kupasulia mbao. Uji wao wa hapa ni wa kubandikia karatasi ukutani. Barua imechelewa kwa sababu kalamu walininyima, walidhani naweweseka. Nilikuwa nawasimulia habari za viazi tu.

Nitakueleza ilivyokuwa, na safari hii sitii chumvi, goti langu shahidi.

Niliwasha kwangu. Niliwasha kwa Anfisa. Natoka kwa Anfisa kwenda kwa Prokhor, palepale kisimani penye maji yaliyomwagika, fimbo ikaenda kulia, mimi kushoto. Nikasikia nyonga inasema tah. Nikajaribu kutambaa, sikuweza. Nikalala chali natazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe. Nikawaza, sawa, Kozlikha imekwisha, mjukuu wangu atanigombeza mpaka kaburini. Nilikuita jina. Nilimwita na Anfisa, yule hata angekuwepo asingeitika.

Halafu nikasikia trekta. Na haikuwa Jumanne.

Rodion alishuka mbio, kofia hana, masikio yake mekundu. Alinifunika koti lake. Nikamuuliza, meno yanagongana, "Wewe umefuata nini huku leo?"

Akasema, "Nimekufuata wewe. Nilikungoja uwashe kwa Prokhor, hukuwasha."

Nikavuta koti lake mpaka puani.

"Mzee Zosima," akaniambia, "watu wa nyumba nne hawaamki kwa foleni. Mmoja huwahi, mwingine mlevi anawasha saa sita. Moshi wako tangu Novemba, kwanza kwako, navuta sigara, halafu kwa Anfisa, navuta nyingine, kwa Prokhor, halafu kwa mwalimu. Mimi sioni moshi, naona mtu anatembea. Nikikuona umefika kwa mwalimu ndiyo naondoka. Leo nimevuta sigara tatu, umekwama baada ya Anfisa."

"Na Lidia Markovna?" nikamuuliza.

"Huyo ndiye aliyeniambia nisiwe naondoka mapema."

Kumbe walijua wote, Ulyana. Majira yote ya baridi nimewadanganya watu wanaojua, nao wananisafishia barabara kwa adabu kabisa. Sijawahi kuaibika hivi, na sijawahi kulala usingizi mzuri hivi.

Babu yako


Kozlikha, 9 Machi

Babu,

Shikamoo. Umelalaje? Nilipokuaga wodini ulinipa funguo ukajifanya umesinzia ili usiniombe nikawashe. Nilikuona unachungulia kwa jicho moja.

Nimekuta viazi vyako vizima shimoni, na si vikubwa. Kwa Prokhor barafu ilikuwa imeota ndani ya dirisha, sakafu inalia. Mpaka jana jioni kuta zilikuwa zimeanza kupata joto. Kwa Anfisa nimefuta vumbi. Nawasha zote nne, kila asubuhi. Nimeomba likizo isiyo na malipo mpaka njia zianze matope. Gleb kasema sawa, nimletee mikate mikavu.

Jumanne Rodion alishuka. Alikuwa na mashaka usoni. "Dada," akaniuliza, "moto wa nyumba ya mwalimu unawaka mimi bado niko kwenye sigara ya kwanza. Mzee kapona?"

Nikamwambia ni mimi. Akacheka, lakini akawa kama mtu aliyepoteza kitu.

Babu, kile kitanda chetu bado kipo. Daktari anasema utatembea Mei, kwa magongo. Sitakuuliza tena unakwenda wapi. Niambie mwenyewe.

Ulyana wako


Hospitali ya wilaya, 13 Machi

Ulyana mama, mwenyekiti wangu,

Marahaba. Nimelala vizuri, mkoromaji kaenda nyumbani. Natembea tayari toka kitandani hadi dirishani, manesi wanakuja kutazama kama sinema. Basi, anakuja mmoja.

Anfisa alipiga simu wodini. Kasikia yote. Kasema, "Zosima, umekuwa ukiingia nyumbani kwangu kila asubuhi, mimi sipo, watu watasemaje?" Nikamwambia watu wapo wapi. Akasema Mei anarudi, kwa mwanawe hakuna wa kugombana naye. Kwa hiyo unajua naenda wapi. Kitanda chako kiweke, nitakuja kukilalia mwezi wa kwanza wa kila mwaka, baridi ikizidi, kama Gleb ataacha kucheka na chai mkononi.

Sasa jambo moja, nakuomba, la kazi. Unawasha haraka mno. Miguu yako ni ya mjini, ya kukimbilia tramu. Ukitoka kwa Anfisa simama kisimani, shika kiuno, tazama mto. Kisha nenda kwa Prokhor. Halafu pumzika penye ule mti ulioinama. Ndiyo uende kwa mwalimu.

Tembea kama mimi, mama. Rodion yuko kule juu na sigara yake, asije akadhani nimeondoka.

Babu yako,
Zosima