Soksi za Ustadhi Shokeir

Radwa, uko macho? Nataka kutapika.

Ndiyo kwanza natoka harusini. Nimenawa mikono kwa sabuni mpaka imechubuka na bado naisikia ile harufu. Soksi, Radwa. SOKSI!

Si unaijua mashine yetu kuukuu ya kuchanganyia sauti, ile ambayo kisanduku chake cha umeme kinakaa nje yake, chini ya meza, na kinachemka kama pasi? Basi bibi harusi anaingia, ngoma zimepamba moto, mara kimya. Spika zote zimekufa. Mama yake huyo kanijia juu: "We binti, umemharibia mwanangu siku yake!"

Nikasikia harufu, nikajua waya zinaungua. Nikapiga magoti, nikapeleka mkono gizani, nikashika kitu cha moto kilicholowa.

Soksi za mwimbaji wetu! Ustadhi Shokeir alitumbukia dimbwini na hii mvua ya Aleksandria, akaona kisanduku kina joto, akazianika juu ya matundu yake ya hewa. Kikazidiwa, kikajizima.

Nimezitoa kwa koleo. Kwa koleo, Radwa!

Kilipopoa nikawasha, taa za mashine zikawaka, sauti ikarudi. Na yeye, hana hata haya, maiki mkononi, akaniinamia kuninong'oneza: "Binti, zimekauka?"

Maiki ilikuwa imewashwa. Ukumbi mzima umesikia.

Mama wa bibi harusi akanigeukia, akaona kinachoning'inia kwenye koleo, akaziba pua kwa shela ya mwanawe.