Taa za Amplifaya ya Baba

Kibiti

Kaka Ashrafu,

Salamu zako za Muscat tumezipata. Mvua imenyesha, mihogo imeshika.

Ile amplifaya uliyomletea Baba, yenye transista na taa mbili za kioo, anaiwasha kila akitoka kuswali alasiri. Anangoja taa zipate moto kama ulivyomfundisha, ndipo muziki utoke. Siku hizi anangoja mpaka magharibi. "Taa zimechoka," anasema. "Mwandikie kaka yako alete nyingine."

Usilete. Daktari kasema masikio ya Baba hayaponi tena. Mwenyewe anatugombeza eti tunanong'ona.

Jana aliweka kiganja juu ya amplifaya, akatabasamu: "Inapata moto, Muzdalifa. Sasa hivi itaimba."

Ilikuwa inaimba, kaka, mpaka majirani wakaja kulalamika.

Mdogo wako,
Muzdalifa