Hamu ya Mawe

Alhamisi, jioni. Mvua imenyesha saa tisa mchana baada ya wiki nyingi za vumbi, na Nakuru nzima inanuka udongo uliolowa.

Watu wengine wakisikia harufu hiyo hufikiria kupanda mahindi. Mimi mate hunijaa mdomoni. Leo nilisimama mlangoni mwa duka tunaloshonea sare za shule, tepu ya kupimia ikiwa shingoni, nikaivuta ile hewa mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nimemwambia ni uchovu tu. Huo ni uongo, na si wa kwanza mwaka huu, ndiyo maana nimeketi kuandika kabla mume wangu Kamau hajarudi kutoka kazini.

Mimi nakula mawe.

Haya, nimeandika. Si mawe ya kujengea. Ni yale laini ya kijivu yanayouzwa sokoni kwa mafungu, kando ya samaki wadogo wa omena na ndimu. Wengine huyaita odowa. Ukiliuma linavunjika kama biskuti, halafu linayeyuka ulimini na kuacha ladha ya ukuta wa udongo ulionyeshewa. Anayejua anajua. Asiyejua atacheka, na acheke.

Nilianza na moja kwa siku, miezi mitano iliyopita. Siku hizi mkebe wangu wa vifungo pale dukani una vifungo juu na mawe chini. Nikikosa nusu siku nakuwa mkali hata kwa mteja anayelipa vizuri.

Ninayanunua kwa Mama Atieno, mama wa makamo mwenye kibanda karibu na lango la soko na sauti inayovuka barabara bila kuangalia magari. Siku ya kwanza nilipoinama kuchagua, aliniangalia tumboni, akatabasamu.

"Hii ni ya kwanza?"

Huku kwetu mwanamke akinunua mawe hakuna anayeuliza kama ana mimba. Watauliza ni mwezi wa ngapi. Ningesema hapana, na mambo yangeishia hapo. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo kwa uso ule. Nikajisikia nikijibu, "Eeh, ni ya kwanza."

Tumeoana na Kamau mwaka wa nne sasa. Mama mkwe, kule Bahati, alikuwa akiuliza kila tukienda. Siku hizi haulizi, ananiongezea chakula tu kwenye sahani na kuangalia pembeni. Heri alipokuwa akiuliza.

Kwa Mama Atieno mambo yalikuwa tofauti. Alianza kuniwekea mawe yaliyo laini zaidi, kwenye karatasi yao peke yao. "Hizi ni za wewe na mtoto," alikuwa akisema. "Usipee mtu." Alinivutia kigoda nikae. Aliwafukuza wenye mikokoteni wasinigonge. Nami nikakaa, mwanamke mzima, mwizi wa kigoda.

Na si kukaa tu. Nilijishonea gauni lenye marinda chini ya kifua. Mimi ni fundi, najua mahali pa kuachia nafasi. Nalivaa siku za kwenda sokoni tu.

Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Jumatatu nilipanda ngazi za duka nikiwa na marobota mawili ya kitambaa, macho yakaingia giza, nikajikuta nimekaa chini. Mwenzangu akanikokota mpaka kliniki. Muuguzi alinivuta ukope wa chini, akaangalia kucha, akachukua damu. Majibu yalipotoka alitikisa kichwa na kusema damu yangu iko chini sana.

Nilibisha. Ningekosaje damu? Kila jioni Kamau ananisagia bitiruti na karoti, nakunywa glasi nzima mpaka ulimi unabaki mwekundu. Muuguzi alicheka, si kwa ubaya. Alisema sisi hudhani kila kitu chekundu kinageuka damu. Bitiruti ni nzuri, niendelee tu, lakini damu hujengwa hasa na madini ya chuma, na hayo niyatafute kwenye maini, nyama, maharagwe, na mboga kama managu na terere, nikamulie limau juu ili mwili uyapokee.

Nikamwambia hata vidonge vya damu ninavyo, nilipewa muda mrefu uliopita, na sijawahi kuruka hata siku moja.

"Unavimeza na nini?"

"Na chai."

Kalamu ikatua mezani. "Chai ya maziwa?"

Sasa kuna chai nyingine? Katika mji huu wenye baridi ya asubuhi, mtu anameza dawa na nini kama si kikombe cha kwanza? Akanieleza polepole kwamba chai hukamata yale madini tumboni, na maziwa nayo huzuia, kwa hiyo mengi yamekuwa yakipita tu. Nimeze kwa maji au maji ya chungwa, na chai ingoje saa moja au mbili. Miezi yote ile ya uaminifu!

Halafu akashusha sauti. "Kuna kitu unakula chenye si chakula?"

Nikajifanya natafuta leso mkobani. Akakitaja mwenyewe.

Kumbe ile hamu yenyewe mara nyingi ni dalili ya damu kupungua. Na mawe nayo, yakiingia, huzuia madini yasifike yanakotakiwa, mbali na uchafu na minyoo yanayoweza kuleta. Nimekuwa nikila kwa sababu nimepungukiwa, na kupungukiwa kwa sababu nakula. Hedhi yangu nzito daktari ataiangalia wiki ijayo. Na nilipouliza kuhusu mtoto, kwa sababu sikuweza kuondoka bila kuuliza, alisema, "Kwanza hii damu ikutoshe wewe."

Nilifika nyumbani nikalia, na si kwa sababu ya damu. Ukweli ni kwamba mahali fulani ndani yangu nilikuwa nimeanza kuuamini uongo wangu mwenyewe. Wanasema mwili hujua kabla ya mwenyewe. Nilijipima mara tatu katika miezi hii, kila mara nikaona mstari mmoja, na kila mara nikarudi kwenye mkebe wa vifungo nikijiambia mwanamke hawezi kutamani udongo hivi bure. Nilitaka sana iwe ni mtoto anayeomba.

Leo mvua ilipopungua nimeenda sokoni. Sijui miguu ilikuwa inaenda kuaga au kununua. Nilikuwa nimevaa sketi ya kawaida na blauzi ya kuchomekea. Mama Atieno hakuona nguo, aliniona mimi.

"Mama mtoto! Kuja ukae, huko kumelowa. Nimekuwekea."

Sikukaa. Nilisema, "Mama Atieno, sina mimba."

Alikuwa anapima omena. Akaziacha. Akatoka nyuma ya meza yake na kunishika mkono, viganja vyake vikiwa na magamba na chumvi.

"Woi. Ilitoka lini?"

Mungu anisamehe, niliitaka ile pole. Ilikuwa mbele yangu, ya moto, tayari. Nilichohitaji ni kutikisa kichwa tu na kutaja siku. Mimba ikitoka watu wanaelewa. Wanakuja na uji kwenye thamosi, wanakaa nawe, wanakuombea kwa jina. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuja, nani amletee mama yake uji? Ningeliaje kwa ajili ya kitu ambacho hakijatokea?

Sijui nguvu nilizitoa wapi.

"Haikutoka. Haijawahi kuwa. Nilikudanganya."

Nilingoja matusi. Nilistahili, tena kwa sauti ile soko lote lingenijua. Alikichukua kile kifurushi changu, akakifungua, akayamwaga mawe yakarudi kwenye fungu. Mteja akauliza bei ya ndimu, akamwambia angoje. Ndipo akanigeukia.

"Na mnatafuta?"

"Mwaka wa nne."

Akanitazama tena, si tumboni, usoni.

"Basi hiyo pia ni pole," akasema. "Pole sana, mama."

Nilipomweleza ya kliniki, alinifungia terere na ndimu tatu, na kuapa kwamba mawe hataniuzia tena hata nikilia. Kamau akifika nitamwambia yote, na gauni pia. Kesho vidonge ni kwa maji, chai itangoja.

Miaka minne, na hiyo ndiyo pole yangu ya kwanza. Nimesema asante. Kupoa, bado.