Ungeliacha Gobori Ukutani

Baba Rehema,

Kesho asubuhi navuka feri kwenda kwa kadhi, kumwomba anivunjie ndoa yetu. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu, maana watu wa Likoni unawajua, habari ikitoka huku mpaka ifike Tanga huwa imeshatiwa chumvi ya kutosha. Barua hii nampa yule mfanyabiashara wa nazi aliyekuona sokoni. Siifungi. Atakayetaka kuisoma na aisome, yaliyotupata kila mtu aliyaona.

Usidhani nakuchukia. Laiti ningekuchukia, ningepata usingizi.

Unakumbuka mara ya kwanza nilipokuona? Mwezi wa Idi ulikuwa umeandama, wanaume wamejaa uwanjani, nawe umesimama mbele yao na gobori la marehemu baba yako, lile la kufukuzia nguruwe shambani. Ulishindilia baruti tupu, ukalielekeza juu, puu! Sisi wasichana tukapiga vigelegele. Moshi ukakujaa usoni, ukakohoa mpaka ukainama, nami nikaangua kicheko. Ukanigeukia: "Wanicheka mie?" Nikakujibu, "Nakucheka wewe, gobori halina kosa." Haukupita muda ukaleta posa kwetu.

Athmani ndiye aliyefurahi kuliko wote. Mdogo wangu yule hakuwahi kuwa na kaka, na ulipoingia wewe akapata. Akitoka kutengeneza baiskeli zake kule feri, haendi kwa mama kwanza, anakuja kwetu. Mkila sahani moja, mkigombania kichwa cha samaki mpaka Rehema anawasuta, "Nyie ni watu wazima!" Nilikuwa nikiwatazama nasema moyoni, Alhamdulillahi, mimi nimepewa.

Kisha ukaja ule mgomo wenu wa bandarini. Mliandamana Changamwe mikono mitupu, askari wakawashukia kwa virungu. Ulirudi jicho limefumba, bega na mgongo vimevimba. Nikakukanda kwa maji ya moto na chumvi, nawe watazama ukuta tu. Nilijua kinachokuuma si bega. Ulipigwa mbele ya wenzako, ukakimbia. Baadaye ukaniambia, "Mama Rehema, mtu hanipigi tena kama punda." Sikukulaumu. Hata leo kwa hilo sikulaumu, maana mimi ndiye niliyeona mgongo wako.

Ikafika ile siku ya maandamano ya hapa kwetu Likoni. Watu walikuwa wamegawanyika, hawa wanataka Mwambao ukae peke yake, hawa wanataka uhuru pamoja na bara, na majirani hawaitikiani salamu. Nikakukuta unatungua gobori ukutani.

"Hilo la nini?"

"La kujikinga."

"Wenzio wote mikono mitupu, wewe peke yako na bunduki? Askari watajuaje kuwa wajikinga?"

Ukacheka. "Humu hamna risasi, mke wangu. Baruti tupu, kama ya Idi. Nani asiyejua sauti ya gobori hili?"

Athmani alikuwa mlangoni anafunga kanda za viatu. Akasema, "Dada, ondoa wasiwasi. Mimi leo simwachi shemeji hata hatua. Penye gobori ndipo penye salama." Nikarudi kwenye chungu changu nimetulia.

Yaliyofuata nimesimuliwa na waliokuwako. Mlipoikaribia feri, vijana wa upande wa pili wakaanza kuvurumisha mawe. Jiwe moja likakupata begani, bega lile lile. Hukumwelekezea mtu, wote wameniapia hivyo. Ulielekeza juu, ukafyatua. Na watu wetu, masikini, wengine walipiga vigelegele! Hata waliokuwa wakitupa mawe waliacha, wakacheka, kwani nao si watoto wa hapa hapa? Lakini wale askari waliopangwa mbele walikuwa wageni, hawajapata kuona mwezi ukipigiwa gobori. Walisikia bunduki imelia, wakaona moshi, wakapiga hapo penye moshi. Wewe ulikuwa umeinama unakohoa. Athmani alikuwa amesimama.

Ukakimbia kupitia Vanga mpaka Tanga. Hukumwosha, hukumbeba, hata udongo hukumtilia kaburini, wewe uliyekuwa ukimwita ndugu. Nilijua wanakutafuta. Nilijua wangekufunga. Hata hivyo niligeuka nikakutafuta miongoni mwa wanaume pale makaburini, kwa kuwa sikuamini kwamba hungekuja.

Nimelifikiri sana neno lako, kujikinga. Mtu akikukaba, ukimsukuma, umejikinga, hakuna wa kukulaumu. Nyoka akiingia ndani, ukamwua, umejikinga. Lakini ulipotoka nyumbani na gobori, nani alikuwa amekukaba? Ulilibeba kwa ajili ya kipigo cha Changamwe ambacho kilikuwa kimeshapita, na askari waliokuwa mbele yako hawakukijua. Walikuona wewe tu, mtu mwenye bunduki. Nao wakaenda kusema walijikinga! Basi kila mmoja alijikinga siku ile, na Athmani, mjomba wake Rehema, ndiye aliyelala barabarani, ganda la njugu aliyokuwa akila bado mkononi. Yeye hakujikinga na mtu. Alikutegemea wewe.

Uhuru ulipokuja, Likoni nzima ilitoka kucheza. Rehema alinivuta twende, nikaenda kwa ajili yake. Watu wakanikumbatia, "Tumepata! Tumepata!" Nami nikawajibu, tumepata, huku natafuta kwa macho wanaume wangu wawili.

Mama hana kinyongo nawe. Kila akimaliza kusali anakutaja. Amesema urudi, yeye hamdai mtu damu, na akufapo angependa umzike. Mimi pia nilikuwa nakungoja. Walikuja wenye kuniposa, nikawaambia nina mume. Hata shangazi zako wakaniambia nenda kwa kadhi, wewe bado kijana, nikawafukuza.

Hapo ndipo akaja huyu wa nazi. Akasema amekuona, umekonda, umeshika kazi ya kupakua marobota ya katani. Nikamkalisha kitako, nikamtilia kahawa. Nikamwuliza, "Kakupa salamu gani?" Akasema, "Kaniambia nikwambie, yeye alikuwa anajikinga tu."

Nikangoja. Nikadhani anameza kahawa kwanza, kisha ataendelea. Nikamwuliza, "Na Athmani? Kasema nini juu ya Athmani?" Mzee wa watu akatazama chini. Akasema, "Hilo hakulitaja."

Ungesema pole, Baba Rehema. Hilo moja tu, hata kwa mdomo wa mtu baki. Wallahi ningekungoja mpaka nizeeke.

Mungu akuhifadhi huko uliko.

Ni mimi,
dada yake Athmani