Anayelima Jumapili

Namawala, 1 Desemba 2025

Mwanangu Eveline,

Hujambo mama? Goti bado linanisumbua, mengine namshukuru Mungu. Naandika kwa sababu simu siiamini, watu wanasikiliza. Barua anayo Deus wa basi la Kidatu. Angalia gundi ya bahasha kama imeguswa.

Jana, Dominika ya kwanza ya Majilio, niliwasomea Injili ya wawili walioko shambani, mmoja anatwaliwa, mmoja anaachwa, na ya mwizi asiyejulikana saa yake. Mimi katekista nikahimiza: kesheni! Narudi shambani, nakuta robo eka imelimwa kwa plau, kinyesi cha ng'ombe bado kibichi. Sikumwagiza mtu. Anayelima leo, kesho atasema shamba ni lake. Na Mkristo gani anafanya kazi Jumapili? Namshuku Obed, yule Msukuma wa ng'ambo ya mfereji. Unamfahamu?

Baba yako

Kidatu, 4 Desemba 2025

Shikamoo baba,

Pole na goti. Mimi mzima, nguo za Krismasi za kushona zimejaa mpaka mlangoni. Gundi ilikuwa salama.

Baba, mwizi huchukua. Huyu ameacha shamba limelimwa. Nakuomba usiende kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza.

Binti yako

Namawala, 8 Desemba 2025

Eveline,

Salamu. Nilikuuliza kama unamfahamu Obed, hukujibu.

Jana tena! Nimetoka kusoma Yohane anavyowaita watu watoto wa nyoka, nakuta nusu eka. Na tuta la mpaka amelikwepa vizuri kabisa. Mwizi mjanja ndivyo anavyoanza. Niliyasema kwenye tafakari ya jumuiya, wakacheka. Mimi sikucheka. Jumatatu ijayo naenda kwa mwenyekiti.

Baba yako

Namawala, 15 Desemba 2025

Eveline,

Hujambo? Wiki nzima kimya. Deus anasema hakupewa barua. Naye nimeanza kumtilia shaka.

Jana nilimwachia Stefania wa jumuiya masomo, nikajificha kwenye matete. Nimekosa ibada, Mungu anisamehe. Obed alikuja na ng'ombe wake wawili. Alipofika kwenye kaburi la mama yako akawasimamisha, akang'oa majani kwa mkono, akalizunguka, akaendelea kulima.

Lile kaburi halina msalaba tangu mafuriko. Tunaolijua ni mimi na wewe. Nani alimwambia?

Kwa mwenyekiti sijaenda. Nangoja jibu.

Baba yako

Kidatu, 17 Desemba 2025

Shikamoo baba,

Ni mimi niliyemwambia. Obed anataka kunioa, na mimi nataka. Tulifahamiana mwaka jana Ifakara, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Aliposikia habari za goti lako alitaka kuja kukulimia. Mimi ndiye niliyemwomba aje ukiwa kanisani. Jumapili kwake ni siku ya kazi, ni Msabato, anapumzika Jumamosi. Niliogopa ungesikia Msukuma, ukasikia Msabato, usitake kusikia zaidi. Nisamehe. Nimemwambia aache mpaka wewe useme.

Katika Injili ya Jumapili Yohane alituma watu wamuulize Yesu kama ndiye ajaye, au wamngoje mwingine. Mimi nina miaka thelathini na moja, baba. Simngoji mwingine. Lakini bila baraka yako siolewi.

Binti yako

Namawala, 22 Desemba 2025

Mwanangu Eveline,

Marahaba. Goti limetulia. Hasira bado ninayo, ujue hivyo. Kunificha mimi, kwenye shamba langu mwenyewe!

Jana ilikuwa Injili ya Yosefu. Naye alimshuku mchumba wake, akapanga kumwacha kimya kimya, mpaka malaika akamjia ndotoni. Niliwaambia wanajumuiya Yosefu alikuwa na bahati. Mimi nimekesha wiki nne, ndoto ningeipatia wapi?

Nikapita shambani. Hakuna aliyelima. Nilidhani nitafurahi. Nikakaa kwenye tuta, macho ng'ambo ya mfereji, mpaka jua likawa kali. Mwanangu, nilikuwa namngoja.

Nguruwe wa Krismasi nimemwacha aishi. Stefania anasema Wasabato hawali. Nitachinja jogoo. Habari za Jumamosi na Jumapili tutabishana mezani.

Mwambie aje mchana, apite njia ya mbele, watu wote wamwone, apige hodi. Nitakuwa macho.

Baba yako