Dakika Saba za Basi la Haydom

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini ulinifundisha kwamba mtu hanyimwi salamu kwa sababu yuko mbali.

Leo ni siku ya saba niko hapa nyumbani Nangwa tangu tukuzike, na mpaka asubuhi hii sikuwa nimelia. Shangazi alisema moyo wangu umekufa ganzi, wala hakukosea. Nilikula, nikaosha vyombo, nikaitikia pole za watu. Kazi pekee niliyoifanya kwa akili yangu yote ni ile saa yako ya ukutani.

Unakumbuka ilikotoka. Ilikuwa ofisini kwako karakanani, kwenye shamba la ngano la serikali, wewe ukiwa mtu wa redio ya upepo, ile ya kuitana na kuitikiana. Kila asubuhi ulisubiri zile pii-pii za redio ya kawaida kabla ya taarifa ya habari, ukahakikisha saa yako, ndipo ukawaita wenzako wa mashamba mengine: "Saa moja kamili sasa hivi, ova." Wote wakaweka zao sawa, ili malori yafike kombaini za kuvunia zikiwa zimejaa, si kabla wala baada. Nami nilikaa chini ya meza yako na sare ya shule, najiona mtoto wa mtu anayewagawia watu saa.

Halafu siku moja ulirudi kutoka likizo ukaikuta imekwenda mbele dakika kumi. Meneja akakuambia uirudishe mara moja, ukakataa.

"Ndugu Meneja, nikiirudisha ghafla, kwenye daftari la getini trekta litakuwa limerudi kabla halijatoka."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Ukateremsha kidogo kile chuma kinachoning'inia, kwa skrubu yake ya chini, saa ikapunguza mwendo, dakika moja kwa siku. Siku ya kumi ilikuwa sawa na hakuna mwingine aliyejua. Shamba lilipofungwa wakakupa uje nayo nyumbani.

Nilipoajiriwa kutunza kompyuta nilikueleza jinsi mashine zote za ofisi zinavyouliza saa kwa mashine moja kupitia mtandao, zinavyopima swali na jibu vimetumia muda gani njiani, na kwamba iliyotangulia hairudishwi nyuma, hupunguzwa mwendo mpaka ilingane na wenzake.

"Kumbe umesoma miaka yote hiyo uje ufanye kazi yangu ya karakana!" Ulicheka, ukakohoa. Kikohozi kile sikukitilia maanani, na hilo sijajisamehe.

Ulipoanza kliniki kwenye hospitali ya Haydom, wewe mwenyewe, mtu wa pii-pii, ukaisogeza saa mbele dakika saba. "Basi halimsubiri mgonjwa," ulisema. Sikuamini macho yangu. Lakini ikigonga saa moja mlishika njia, basi likapiga honi mkiwa tayari barabarani; wewe na Mama hamkuachwa hata siku moja. Ukafia kitandani kwako, siku isiyo ya basi.

Baada ya maziko Mama akaniambia, "Wewe ndiye mtu wa saa. Irekebishe, mwanangu. Hakuna tena basi la kuwahi."

Ningeisogeza kwa kidole ikaisha. Nilishindwa. Dakika zile saba ulizipanga kwa mkono wako, na sikuwa na kitu kingine ulichokiacha kikiwa kinatembea. Basi nikateremsha chuma kama ulivyofanya wewe, nikawa nalinganisha na simu yangu kila asubuhi. Sita. Tano. Nne. Sikuhisi chochote. Nikadhani labda nitahisi zikiisha.

Leo asubuhi zimeisha. Saa ikagonga saa moja, na papo hapo honi ya basi la Haydom ikalia kule barabarani. Mama alikuwa anachambua maharage. Akanyanyuka ghafla, ungo ukapinduka, mkono ukaenda msumarini kwenye mkoba wa kadi zako za hospitali.

"Baba Neema, tumeachwa!"

Kisha akabaki amesimama na mkoba. Nikapiga magoti kuokota maharage, na hapo ndipo nilipolia, Baba, kwa sauti, mpaka shangazi akaja mbio kutoka jikoni.

Kesho narudi kazini. Chuma nimekipandisha mahali pake, saa haitachelewa. Ufunguo wa kuijaza anao Mama. Pumzika, hakuna anayekuharakisha tena.

Binti yako wa chini ya meza