Mwanzi, Kaboni na Mdomo wa Ap Gembo

Jumapili, 3 Novemba

Nawatambua waliohudhuria kwa daraja zao: madhabahu na vikombe vyake vya maji, picha ya marehemu mke wangu, Tshomo, jiko la kuni, linalotoa moshi kuliko joto, na paka, aliyechelewa na hakuomba radhi. Nimestaafu, lakini ualimu mkuu hautoki mdomoni. Hata nikiwa peke yangu nafungua kikao.

Ajenda ni moja. Leo mazoezini mshale wa Lhatu umetoboa upindo wa joho la mzee mwenzangu, Ap Gembo.

Gembo alikuwa amesimama kando ya shabaha, kama tunavyosimama sote tangu enzi za babu zetu, akimcheka mpigaji aliye ng'ambo ya uwanja. "Lhatu! Shabaha ni hiki kibao cheupe! Ile nyingine ni ng'ombe wa shangazi yako!" Akazunguka kwa mguu mmoja, akicheza. Mshale ukapita palepale mguu wa pili ulipokuwa.

Hakuuona. Hakuna aliyeuona! Mshale wa mwanzi hupanda taratibu. Unaufuata kwa macho, unapata hata nafasi ya kutema tambuu kabla ya kuukwepa. Huu wa kaboni, uliorushwa na upinde wa kapi, wenye vigurudumu vya kukazia kamba, kutoka dukani mji mkuu, Thimphu, hufika kabla ya habari zake.

Wote walicheka. Gembo alicheka kuliko wote, akipitisha kidole kwenye tundu. Mimi sikucheka. Mwenyekiti wa uwanja ni mimi, na Jumapili ya tarehe 17, katika kikao cha kufungua msimu wa baridi, nitatakiwa kutamka ni mishale gani itakayoruhusiwa.

Nikilegea, siku moja nitabeba kuni za kuchomea maiti ya Gembo. Nikikaza, vijana wataondoka na timu itakufa. Na bila timu — lakini hilo tuliache. Kikao kimeahirishwa. Paka ameshalala.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekagua mishale ya Lhatu. Alikuja na teksi yake, akaegesha mbele ya ukuta wangu, akakaa kama alivyokuwa akikaa darasa la sita — nusu kiti, nusu mlango.

Mshale wa kaboni haukaguliwi kwa macho. Unaukunja kidogo mbali na uso, unauzungusha, unasikiliza. Mzima hunyamaza. Wa tatu ulilia — sauti ndogo, kama barafu ya asubuhi inapokanyagwa. Nilipouongezea nguvu, ukafumuka nyuzi nyeusi kali kama sindano.

"Lopen," akasema — bado ananiita mwalimu — "huo ndio niliotaka kuupiga kesho."

"Ungeupiga, nyuzi hizi zingekuwa mkononi mwako."

Akacheka kwa pua: basi nimpe mwanzi, nimrudishe kwa mababu! Nikamkumbusha kwamba upinde wa mwanzi wa marehemu baba yake ungali umetungikwa nyumbani kwao. Akasema ule ni wa kutazamwa.

Alipoondoka alisahau kikombe chake cha chai ya siagi, nusu. Sijakiondoa mezani. Ni upuuzi. Lakini meza yenye vikombe viwili inapendeza.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku ya shabaha. Kibao chetu cha mazoezi kimeegemea tuta la mawe. Kosa! Mshale wa mwanzi ukigonga jiwe huvunjika na mambo yakaisha. Wa kaboni hurudi. Leo mmoja umeruka kutoka kwenye jiwe ukaenda kulala kwenye shamba la pilipili la mama jirani, Aum Deki, naye akatoka na mundu, akauliza kama tumetangaza vita au tunataka kitoweo.

Nimeagiza tuta la udongo laini usio na changarawe. Kwa mazoezi, marobota ya majani ya mpunga, yaliyobanwa sana, na gunia la matambara mbele yake. Majani tumepata kwa shida. Ng'ombe nao wana haki zao.

Matambara niliahidi mimi. Nikafungua sanduku la binti yangu, Seldon. Sare za shule. Sweta lenye kiwiko kilichotoboka. Sasa yuko Perth, Australia, anaosha wazee wa watu wengine, na hatazivaa tena. Yeye mwenyewe aliniambia nizigawe. Nilijaza gunia hadi nusu. Kisha nikatoa kila kitu, nikakikunja upya, nikajaza gunia kwa mapazia.

Jumamosi, 9 Novemba

Lhatu amejeruhiwa. Si sana. Namshukuru aliyebuni mikono minene ya majoho yetu.

Alitaka kunifurahisha! Nilipofika uwanjani alinipungia mkono: "Lopen, tazama, nimerudi kwa mababu!" Alikuwa ameweka mshale wa mwanzi kwenye upinde wa kapi. Nilipiga kelele. Nilichelewa. Mwanzi haukuumbwa kwa msukumo ule. Ulipasuka kabla haujaondoka, na kibanzi kikapenya mkono wa joho hadi kwenye nyama.

Nilikitoa mwenyewe, nikaosha kidonda kwa pombe ya mahindi. Gembo akalalamika kwamba nusu ya dawa ingetosha. Lhatu akacheka huku meno yakigongana.

Nami nimeelewa jambo. Mshale peke yake si salama wala si hatari. Mwanzi hutaka upinde wa mwanzi: uliokatwa baada ya mvua kwisha, usio na ufa kwenye vifundo, uliokaushwa juu ya jiko bila haraka. Kaboni ina upinde wake. Lakini upinde ule unataka uwanja usio na mtu kando ya shabaha.

Uwanja usio na mtu. Sijui kwa nini sentensi hii nimeiandika kisha nikakaa nikiitazama.

Alhamisi, 14 Novemba

Tumejaribu. Kapi na kaboni, udongo nyuma, marobota mbele, na watu wote upande mmoja, nyuma ya mstari. Hakuna wa kucheza kando ya kibao. Hakuna wa kutukana.

Usalama kamili! Na ukimya kama chumba cha mtihani. Mtu anapiga, anatembea, anang'oa, anarudi, anatazama simu. Lhatu alipiga kibao katikati. Kwa desturi tungeimba, tungemchomekea kitambaa cha rangi kiunoni. Mmoja akasema, "Safi." Basi.

Ap Gembo alikaa nami ukutani.

"Lopen, mimi macho yangu yalistaafu kabla yako," akasema. "Sijapiga kibao tangu mfalme alipokuwa kijana. Kazi yangu ni mdomo. Sasa umeniambia nikautumie wapi? Kwa mke wangu? Yule ananishinda."

Nilicheka. Kisha nikashindwa kucheka. Nilikumbuka mikesha ya kabla ya mashindano, wapigaji wote tunapolala nyumba moja, mbali na wake zetu, kama desturi inavyotaka. Wenzangu hunung'unika. Mimi, tangu Tshomo aondoke, hizo ndizo siku pekee ninazosikia mtu mwingine akikoroma.

Jioni Lhatu amepita. Hakukaa. Amenionya kwa adabu: nikikataza kapi, yeye na wenzake watahamia uwanja wa mjini. "Nusu ya nchi imeshahamia Australia, Lopen. Wewe unataka kuifukuza nusu iliyobaki? Utabaki na Ap Gembo na mbwa."

Nikamjibu kwamba mbwa hana nidhamu. Hakucheka.

Jumapili, 17 Novemba

Naandika nikiwa uwanjani, ukutani, kalamu ikigoma kwa baridi. Wao wanakunywa chai na kubishana. Nimeshasema. Niandike nilivyosema, kabla sauti zao hazijayafunika maneno yangu.

Nilimtambua Gup, yaani mkuu wetu wa kata, mtawa aliyekuja kubariki uwanja, wazee, kina mama walioleta wali na pilipili za jibini, wapigaji, na wageni. Kisha nikasema:

"Ndugu zangu, udongo tumekwisha kuupanga na shabaha tumekwisha kuirekebisha. Lililobaki haliwezi kurekebishwa kwa jembe. Upinde wa kapi ni chombo chema, na marobota yatabaki kule chini ya mfereji kwa yeyote anayetaka kuupiga mahali ambapo hapana mtu. Lakini hapa ni mahali pa watu. Hapa mtu husimama kando ya kibao akamtukana rafiki yake, na rafiki yake akamjibu kwa mshale anaoweza kuuona. Nikiuondoa mshale wa mwanzi, ni lazima nimwondoe na yule mtu. Mimi sitamwondoa. Kwa hiyo, kuanzia leo, uwanja huu ni wa mwanzi: upinde na mshale. Anayekubali aweke upinde wake wa mwanzi juu ya mkeka huu kabla chai haijaisha. Timu itakuwa ya hao."

Gup alikohoa. Aum Deki akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlimani, kwamba pilipili zake zinaunga mkono hoja.

Juu ya mkeka kuna upinde wangu na wa Gembo. Gembo mwenyewe hayupo hapa. Ameshakwenda ng'ambo, peke yake, amesimama kando ya kibao, mdogo kama kijiti. Anapaza sauti:

"Lopen! Umelala? Au unasubiri mshale utie sahihi? Piga! Hata ukikosa mlima upo, utaupata!"

Vijana wanatazama viatu vyao.

Lhatu ameinuka. Hakunitazama. Anavuka kwenda kwenye teksi yake, mkono wenye bendeji umefichwa ndani ya joho. Wawili wanamfuata kwa macho, wakingoja atakachofanya nao wakifanye.

Amefungua buti. Ameinama humo. Anavuta kitu kirefu, kirefu kuliko upinde wowote wa kapi, kimefungwa blanketi —